Herufi Kubwa za Nsimire

Kwenye bomba la maji la Zoni ya Nne, katika kambi ya Nyarugusu, siku hizi kuna saa ambapo husikika maji tu. Wanawake bado hukaa kwenye ukingo wa saruji, ndoo zao zimepangwa mstari mbele yao, na bado wanazungumza mambo yanayozungumzwa penye foleni: mgawo uliopunguzwa tena, mvua iliyochelewa, mtoto wa fulani aliyeonekana na fulani. Lakini jua likishavuka mikaratusi, hufika wakati ambapo mazungumzo hukatika yenyewe. Macho yanakwenda upande wa kushoto wa bomba, kwenye jiwe bapa ambalo hakuna anayelikalia. Kisha mtu anakohoa, mwingine anavuta ndoo, na maneno yanaanza upya.

Kwenye jiwe lile alikuwa akikaa Nsimire, akiwasomea.

Alitoka Walungu, nyuma ya Bukavu, ambako alifundisha darasa la pili mpaka vita vilipomsukuma hadi ziwani, na ziwa likamvusha hadi Kigoma. Kambini waliomheshimu walimwita Mama Nadège, kwa jina la binti yake wa pekee aliyemzika mjini Baraka, njiani, akiwa bado hajaota meno ya mbele ya pili. Jina hilo aliliitikia bila kugeuka haraka. Walioishi naye karibu walijua kwamba kila anapoitwa hivyo huchukua pumzi moja kwanza.

Miaka kadhaa baadaye, shirika moja dogo la msaada lilifungua maktaba katika banda la mabati na kumpa Nsimire kazi ya kuitunza. Lilileta pia sanduku la vibao vya kusomea, vyembamba, vya rangi ya kijivu, kila kimoja chenye uwezo wa kubeba vitabu vya kabati zima. Kioo chake hakikuwaka kama cha simu. Kilitulia kama karatasi. Vitabu vilivyokuwamo vilikuwa vya Kiingereza, vya watoto, na vingi vilihusu theluji. Ukitaka kingine, kibao kilikuelekeza kwenye duka la kampuni iliyokitengeneza, na duka lilitaka kadi ya benki, na kambini kadi iliyojulikana ilikuwa ya mgawo. Mradi ulipofungwa, banda likageuzwa stoo ya maturubai, na wahudumu wakagawiwa vibao kama shukrani. Nsimire alipata kimoja, chenye ufa mdogo pembeni.

Wakati huo macho yake yalikuwa yamekwisha kuanza kumwacha. Giza lilianzia katikati. Alipomtazama mtu aliona masikio na mabega, lakini pale uso ulipotakiwa kuwa palikuwa na kitu kama moshi. Mwanga wa simu ulimchoma mpaka machozi yakamtiririka. Vitabu vya karatasi alivishika kwa mazoea tu, akavigeuza, akavinusa, akavirudisha.

Aliyemrudishia kusoma ni Cadet, Mbembe wa Fizi, mwanaume wa makamo mwenye pengo la jino na kibanda cha kutengeneza simu pembeni mwa soko. Huyu alikuwa na maneno mengi kuliko bisibisi. Alikitazama kibao cha Nsimire, akabofya, akaongeza ukubwa wa herufi mpaka ulipogoma kuongezeka.

“Mwisho wake ni hapa?” Nsimire akauliza. Bado aliona vumbi tu.

“Mwisho wa kampuni ni hapa,” Cadet alisema. “Mwisho wetu haujafika, mama.”

Mtu aliyekaa Nyarugusu angemwelewa. Kambini hakuna kitu cha msaada kinachobaki kama kilivyoletwa. Kopo la mafuta hufunguliwa, likapondwa, likawa mlango. Turubai huwa koti la mvua, gunia la unga huwa sketi ya shule, tairi huwa viatu, neti huzungushiwa bustani ya mchicha. Mtu anapokea kitu alichokichagua mtu mwingine, mahali pengine, kwa ajili ya mtu asiyemjua, halafu anakaa nacho chini na kukigeuza mpaka kimfae. Wanawake hawakuliona hilo kama ufundi wala ukaidi. Ilikuwa namna ya kuishi. Hivyo Cadet alipokifungua kibao na kuweka ndani yake programu nyingine, aliyoikuta mtandaoni, imetengenezwa na watu wasiolipwa, hakuna aliyefikiri amefanya jambo kubwa. Amepondaponda kopo, basi.

Herufi zikawa kubwa kama ukucha wa kidole gumba, nyeupe, juu ya weusi mtupu. Nsimire alikileta kibao karibu na shavu, akakiinamisha kidogo upande, akasoma neno moja. Kisha la pili. Cadet aliendelea kupuliza vumbi kwenye simu ya mtu mwingine, akijifanya haoni kwamba mama mtu mzima analia kwenye benchi lake.

Na si hilo tu. Programu ile ilipokea maandishi ya kila aina, kutoka popote. Cadet akamtafutia hadithi za Kishi, lugha ya nyumbani kwake, zilizokusanywa zamani na padri mmoja na kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa na mtu fulani, sijui wapi, aliyeona zisipotee. Zilikuwa nyingi. Zipo alizowahi kuzisikia kwa bibi yake na zipo ambazo hata bibi hakuzijua. Nsimire akajiwekea kazi: azisome zote kwa macho yake kabla hayajafunga, na kila aliyoisoma aishike kichwani, neno kwa neno. Hakuwa na mtoto wa kumwachia. Kambini watoto wa Kishi walikua wakisema Kiswahili na kuhesabu kwa Kifaransa. Alitaka tu, giza likiingia, aingie nalo akiwa na kitu mkononi.

Onyo lilikuwa moja. Cadet alimwonyesha alama ya ndege kwenye pembe ya juu ya kioo, akaikuza ili aione. Ndege ikiwapo, mtandao umezimwa, kibao hakizungumzi na mtu. Ikitoka, kampuni itakikuta.

“Ile ndege ikipotea, kuya mbio,” alisema. “Usingoje kunywa chai.”

Ndivyo alivyoanza kusoma bombani. Mwanzoni alijisomea, midomo ikicheza, akisubiri zamu. Immaculée, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa Mshi kama yeye lakini hakwenda shule, akamwambia kama anataka kula peke yake aende akale kwake. Basi akaanza kusoma kwa sauti, kwanza kwa Kishi, halafu anaigeuza kwa Kiswahili. Kioo kilibeba maneno matano, sita tu kwa mara moja, kwa hiyo kidole chake hakikupumzika, na wanawake walimtania kwamba anasoma kama mtu anayechambua ng’ombe kupe. Lakini walinyamaza. Na pole pole, bila mtu kulitangaza, ikawa desturi: ndoo ya Nsimire hupangwa ya kwanza, hujazwa na yeyote aliye karibu, na binti wa mtu humbebea mpaka mlangoni. Msomaji hapangi foleni. Kwa mwanamke asiyeona vizuri, anayeishi peke yake juu ya njia ya mawe, hilo lilikuwa zaidi ya heshima.

Mwaka aliopelekwa hospitali ya Kibondo walikuwa katikati ya hadithi ndefu, ya mwanamke ambaye mfalme alimnyang’anya mkeka wake wa kulalia, naye akaenda kuudai, akipita lango baada ya lango, kila lango likimchukulia kitu kingine. Walikuwa wamefika lango la tano. Hata Nsimire hakujua mbele kuna nini, kwa kuwa macho yalimruhusu kurasa chache kwa siku, na hizo alizitunzia bomba.

Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Kibondo kwa muda mfupi. Akapewa kibali cha kutoka kambini, akapakiwa kwenye gari pamoja na wagonjwa wengine, wakapita Kasulu, wakaingia barabara ile ndefu ya vumbi jekundu na migomba. Daktari alimwangaza, akamwekea matone, akamwangaza tena. Alikuwa kijana na hakupenda kusema alichotakiwa kusema. Miwani haitasaidia, alimwambia, wala kisu. Kama lipo jambo analotaka kuliona, aliangalie sasa.

Nsimire hakushtuka. Aliuliza tu kama kusoma kunaharakisha. Daktari akasema hapana. Akashukuru kama mtu aliyepewa dawa.

Gari la kurudi lilichelewa, na wagonjwa wakatawanyika kwenye vivuli vya maduka mbele ya hospitali. Nsimire akaangukia kibaraza cha Zaitun, mwenye duka la vitenge, ambaye baba yake alikuja huko zamani akitokea Pangani na kuacha nyuma yake lafudhi ya pwani na mkono usioweza kukaa bila kumpa mtu kitu. Zaitun alimletea kiti, chai ya tangawizi, na mhogo wa kuchemsha. Alipoona kibao kimeisha chaji, akakichukua ndani bila kuuliza. Wagonjwa wote waliochajisha kwake aliwafanyia hivyohivyo: akiwachajishia, anawaunganisha pia na mtandao wa duka, wapate salamu za nyumbani, kwa sababu kumrudishia mgeni simu iliyojaa chaji lakini haina mtandao ni kumpa sahani bila chakula.

Alikirudisha jioni inaanza, amekifuta na kipande cha khanga.

“Mamaangu, nimekuta kindege hapo juu, nikasema maskini, mama wa watu wamemfungia hata mtandao,” Zaitun alisema. “Nimekufungulia. Na wala sitaki kitu.”

Nsimire alikileta kibao shavuni. Kioo kilikuwa cheupe. Palipokuwa na herufi zake palikuwa na vumbi.

Alimshukuru Zaitun. Alimshukuru mara mbili, na mara ya pili sauti yake haikutoka vizuri, na Zaitun, aliyedhani ni habari za daktari, akamshika mkono na kumwambia Mungu ni mkubwa.

Cadet alikibofya kibao kile huku na huku, kisha akamweleza. Kampuni ilikuwa imengojea nyuma ya mlango siku zote hizo. Ulipofunguliwa, iliingia, ikafagia programu ya watu wasiolipwa, ikaweka ya kwake mpya, na ikaziba tundu alilopitia Cadet. Hadithi za Kishi zilikuwa bado zimo. Jina la faili lilionekana kwenye orodha. Ukiligusa, kibao kilisema aina hii haitambuliki.

“Kwa hiyo zimo,” Nsimire alisema.

“Zimo.”

“Na hakitaki.”

“Hakitaki, mama.” Cadet akakiweka chini. “Mimi nilifikiri ni chako, na wewe ulifikiri ni chako. Kumbe ulikuwa umekishika tu.”

Akawaandikia watu wa kampuni. Aliandika kwa Kiswahili, simu ikageuza kwa Kiingereza, na yeye akasoma tena kuona kama adabu imebaki. Alieleza macho ya mama huyu, na hadithi, na kwamba hawakuiba kitu cha mtu. Hakuomba kifaa kipya. Aliomba wamwachie cha zamani. Jibu lilikuja haraka kuliko alivyotegemea. Lilimpongeza kwa kuwa kifaa chake sasa kiko salama zaidi. Lilisema mabadiliko yasiyoidhinishwa hayaruhusiwi, kwa ajili ya kumlinda mtumiaji. Lilimshauri anunue aina mpya yenye kioo kikubwa, na chini kabisa lilisema aina hiyo haipatikani nchini alipo.

“Wananilinda na nani?” Nsimire aliuliza.

Cadet akachukua tena simu. Alimsomea jibu lile mara ya pili kwa kuwa Nsimire aliomba, na mama akasikiliza akiwa ameinamisha shingo, kama alivyosikiliza watu wa ofisi wakimweleza kwa nini mtu wa kambi asipande mti wa kudumu mbele ya nyumba anayolala. Sauti aliijua. Ilikuwa sauti ileile, yenye upole, isiyokuwapo mahali popote unapoweza kwenda kusimama mlangoni.

Wakajaribu njia ya pembeni. Cadet alikuwa na hadithi zile kwenye simu yake, akaja nazo bombani ili yeye asome na Nsimire afasiri. Lakini Kishi hakukijua. Alisoma silabi kama mtu anayekanyaga mawe mtoni, akipandisha pa kushuka, na katika lango la sita mwanamke wa mkeka akageuka kuwa kitu ambacho Immaculée aliposikia alifunika uso kwa kitenge na mabega yakamtikisika.

“Baba Cadet,” alisema alipopata pumzi, “huyo mama yetu tulimwacha na nguo. Sasa umemvua kwa nini?”

Wanawake walicheka mpaka ndoo ikafurika bila mtu kuona. Nsimire naye alicheka. Cadet hakurudi tena bombani, na hakuna aliyemlaumu: mwanaume katikati ya foleni ya wanawake, kibanda chake kimefungwa, watoto wake wanangoja.

Kwa majuma kadhaa ndoo ya Nsimire iliendelea kupangwa ya kwanza. Walimwambia asimulie kwa kichwa, na alisimulia zile alizokwisha kuzishika. Walizisikia, wakazisikia tena. Walichotaka ni mkeka. Siku moja wakamwomba aimalizie mwenyewe, kwani nani atajua? Akakataa. Alisema akiweka mwisho wake pale, siku moja hatajua tena kipi alikisoma na kipi alikizua, na atakuwa amejiibia. Walimwona ana kiburi. Mvua zilichelewa, bomba likawa linatoka kwa saa chache, na foleni ikawa na ugomvi ndani yake. Immaculée ndiye aliyelazimika kusema, na alilisema akitazama pembeni.

“Mama Nadège, leo ndoo yako tuiweke nyuma kidogo. Watu wameanza maneno.”

“Iweke tu, mama,” Nsimire alisema. “Ni haki.”

Siku ile alibeba ndoo mwenyewe, na kwenye njia ya mawe alimwaga nusu.

Kesho yake alikwenda kwa Cadet akiwa amevaa kitenge cha kanisani. Cadet alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba ipo njia ya mwisho: kukifungua kibao chenyewe, kugusa ubao wa ndani kwa waya, kukilazimisha kurudi kama zamani. Kampuni ilikuwa imeweka mtego hapo pia. Ikishindikana, kibao hakitawaka tena milele. Alikuwa amesoma mtandaoni watu wa nchi nyingine wakilalamika, watu wenye meza na taa nzuri. Wachache walifaulu.

“Sasa hivi angalau kinawaka,” Cadet alisema. “Unaweza kumpa mtu mwenye macho mazima. Unaweza hata kukiuza.”

Nsimire aliuliza ni herufi za ukubwa gani ataziona kesho kama wakikiacha hivi kilivyo. Cadet akasema zilezile za kampuni. Akauliza mwakani je. Zilezile.

“Basi nangoja nini?” alisema. “Fungua.”

Ilikuwa mchana, jua limesimama juu ya mabati. Cadet alitoa mgongo wa kibao kwa ukucha na kadi ya zamani ya simu, akaweka vijiparafujo kwenye kifuniko cha soda ili visipotee, akashusha miwani. Nsimire alikaa kwenye benchi na mikono mapajani. Waya uligusa, ukatoka, ukagusa tena. Kioo kiliingia weusi mtupu, weusi ule aliouzoea, na kwa muda Nsimire alikisogelea na shavu tayari, akingoja weupe wa neno la kwanza. Pakatokea mistari myembamba, imelala, kuanzia juu hadi katikati. Ikasimama hapo.

Cadet alijaribu mpaka akachubuka vidole. Alitukana kwa Kibembe, kwa sauti ya chini, akaomba radhi, akatukana tena. Alisema atatafuta kingine, kuna watu Kasulu, kuna mtu Kigoma mjini. Nsimire alimwambia asijisumbue. Alimuuliza watoto wake wanaendeleaje na shule. Kisha akasimama, akapapasa nguzo ya kibanda, akaondoka kwa njia ya nyuma, ile isiyopita bombani.

Mwaka haukuisha kabla moshi haujafika pembeni. Masikio ya watu yaliondoka, halafu mabega. Alianguka na ndoo kwenye njia ya mawe, akavunjika kifundo cha mkono, na hospitali ya kambi ikamfunga na kumwambia asiishi peke yake. Hadithi alizokuwa ameshika alizirudia kila siku akiwa kitandani, kwa kufuatana, na alipofika kwenye ile ya mkeka aliisimulia mpaka lango la tano na kunyamaza.

Nsimire sasa yuko Zoni ya Nane, kwa mpwa wake Polycarpe. Haoni tena. Asubuhi wanamtandikia turubai mlangoni, wanamwekea ungo, naye anachambua maharage kwa vidole.